Nira ya Kabula

Miguu miwili ya Kabula iligharimu Jumamosi zangu za msimu mzima, boksi moja na nusu la plasta, siti ya mbele ya fuso ambayo haikuwa yangu, goti langu la kushoto ambalo mpaka leo linalalamika mvua ikikaribia, na maksai mmoja ambaye sijajua nimwandike upande gani. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau goti. Huyo maksai nitamrudia mwishoni, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kwanza niwaeleze nyie vijana mnaoingia kwenye fiziotherapia sasa hivi, mnaokuta vyumba vina vioo na mipira ya mazoezi, sisi kazi hii tuliikuta ikoje.

Nilishuka Mpanda kwa treni, nina begi moja na barua ya kupangiwa kazi. Asubuhi yake nikaripoti kwa Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya kidonda. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Fiziotherapia," akasema. "Wewe ndiye mtu wa masaji?"

"Hapana, mzee. Masaji ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kumrudishia mgonjwa matumizi ya mwili wake. Aliyepooza akae, anayekaa asimame, aliyevunjika atembee bila kuchechemea."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa mazoezi, mzee."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

Akanitazama kama mtu anayeuziwa redio isiyotumia betri. "Haya," akasema. "Dawa zenyewe tunazo chache. Tutaelewana."

Chumba nilichopewa kilikuwa nyuma ya stoo. Ndani mlikuwa na vitanda vilivyokufa, kiti cha magurudumu chenye gurudumu moja, na magongo ya kutembelea yamesimamishwa ukutani. Nikayahesabu: kumi na moja. Nikayahesabu tena, yakabaki kumi na moja, na hapakuwa na mawili yaliyolingana urefu. Nikaazima msumeno kwa fundi wa hospitali, nikaanza kazi yangu ya kwanza serikalini: useremala.

Aliyenifungua macho ni Muuguzi Mfawidhi, mama mnene wa Kifipa ambaye hospitali nzima ilimwita Metroni. Alisimama mlangoni akaniangalia ninavyokata magongo.

"Mwanangu, hapa wagonjwa wanalala," akasema. "Wewe ukiwaamsha wote, nani atawashika?"

"Ndugu zao, mama."

"Ndugu zao ndio waliowalaza."

Nikacheka. Baada ya wiki moja wodini nikaacha kucheka. Mzee akipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza, watoto wake wanakuja wote. Mmoja anamlisha, mmoja anamwogesha, mmoja anamgeuza, na wa nne anakaa mlangoni kuwapokea wageni. Hiyo ndiyo heshima, na mimi siipingi. Lakini mkono usiotumika unakauka, na mgongo usiogeuka unachimbika vidonda vya kulalia. Mimi nikiingia ninasema: mwacheni ashike kijiko mwenyewe. Kijiko kinadondoka. Uji unamwagika kifuani kwa baba wa watu. Binti zake wananitazama kama nimemtukana hadharani. Niliitwa mkatili katika Kifipa, Kibende, Kikonongo na Kirundi, na kwa kuwa mimi ni Mnyamwezi, Kisukuma nilikielewa bila mkalimani.

Kwa hiyo ratiba yetu ilikuwa hivi. Asubuhi tulipita wodi zote: kugeuza waliolala, kukalisha waliogeuzwa, kusimamisha waliokaa. Aliyepasuliwa tulimfundisha kupumua kwa kina na kukohoa, makohozi yasigande kifuani. Mchana tulipokea wanaotoka nje: migongo ya wabeba magunia, mabega, watoto wenye mtindio wa ubongo waliobebwa na mama zao, na vijana wa bodaboda ambao idadi yao ilipanda kila pikipiki zilipoteremka bei. Jioni tuliandika taarifa. Daktari akipasua, kazi yake inaonekana siku hiyo hiyo. Fizio kazi yake inaonekana mgonjwa akishaondoka, na akishaondoka hutamwona tena. Mkitaka kupigiwa makofi, badilisheni fani mapema.

Lakini nyenzo kubwa kuliko magongo niliitoa nyumbani. Mama yangu aliuza mboga gengeni, Urambo, na mimi nimelelewa chini ya meza yake. Alinifundisha kwamba bei ya kwanza haiwi bei, na kwamba mteja anayeondoka taratibu anataka kuitwa. Wodini nilimkuta kijana amevunjika paja, mfupa umeshaunga, lakini hataki kusimama. Anaogopa. Nikimwambia atembee mpaka mlangoni, anageukia ukuta. Nikamwambia, "Basi simama tu mpaka nifunge kamba ya kiatu changu." Akaona hiyo ni rahisi. Akasimama, ameshikilia kitanda, mimi nimeinama nafunga kamba. Sijawahi kufunga kamba taratibu kiasi kile. Siku ya pili nikaja na viatu vyenye kamba ndefu zaidi.

"Fizio, wewe tapeli," akaniambia.

"Ndiyo. Na umesimama."

Nilikaa Mpanda miaka hiyo ya mwanzo, nikahamishiwa Sumbawanga, nikarudi Mpanda mkoa wa Katavi ulipokuwa umeshazaliwa. Nilikuta Metroni amestaafu na chumba changu kimepata dirisha. Nilikuta pia Mganga Mfawidhi mpya, wa tatu kwangu, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu ambaye hajawahi kupoteza mabishano kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Chini yake ndipo alipokuja Kabula.

Alikuja mgongoni kwa mama yake, mtoto wa wiki chache, nyayo zote mbili zimegeukia ndani na juu, kama mtu anayejaribu kujiangalia kisigino. Ugonjwa huo tunauita mguu kifundo. Mtoto anazaliwa nao, si kosa la mama, si kijicho cha jirani. Tiba yake ukiiwahi ni rahisi na ni ndefu. Kila wiki unaunyoosha mguu kidogo kwa mkono, polepole, unaufunga plasta kutoka vidoleni mpaka pajani, ile ambayo watu wanaiita hogo. Wiki inayofuata unafungua, unanyoosha tena kidogo, unafunga nyingine. Baada ya plasta kadhaa daktari anakata kidogo kano ya kisigino ili mguu ushuke, unafungwa plasta ya mwisho, halafu mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma katikati, mwanzoni usiku na mchana, baadaye kila anapolala, mpaka afike kama miaka minne. Ukiruka hatua moja, mguu unarudi ulikotoka. Mtoto wa hivyo anakua akitembelea upande wa unyayo, na baadaye hatembei.

Nikamfunga plasta ya kwanza. Nikamwambia mama, njoo wiki ijayo. Akaitikia. Hakuja.

Wiki mbili baadaye nikapanda gari la chanjo lililokuwa linakwenda upande wa Mpimbwe, nikamtafute. Barabara ile inapita Sitalike na kukatiza hifadhini, na kwenye hifadhi unafunga vioo hata kama unaiva kwa joto, kwa sababu ya mbung'o. Nikamkuta mama Kabula kijiji kimoja jirani na Kasansa, siku ya Ijumaa, ambayo kila wiki ni siku ya mnada wa ng'ombe, yuko na baba mkwe wake.

Huyo baba mkwe ndiye Mzee Maduhu. Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi, kofia kichwani, fimbo mkononi, na macho ya mtu anayekuthaminisha kwa kilo. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaniuliza ukoo, akaridhika kidogo. Hogo la mtoto walishalifungua.

"Kwa nini hamkuja, baba?"

"Mpanda ni mbali. Na nikuulize wewe mwanangu. Ng'ombe akivunjika mguu, tunafunga miti miwili. Anapona. Tunafungua. Imekwisha. Wewe unafunga, unafungua, unafunga, unafungua. Unatafuta nini humo ndani?"

Watu waliokuwa wanapanga bei ya dume pembeni wakaacha, wakasogea kusikiliza bei yetu.

"Sitafuti kitu, baba. Ninaugeuza taratibu. Nikiugeuza wote kwa siku moja nitauvunja."

"Na asipogeuzwa?"

Kabla sijajibu, mama Kabula akasema, macho yameangalia chini kama anavyotakiwa mbele ya baba mkwe, lakini sauti haikuangalia chini. "Baba, asipogeuzwa nitambeba mimi. Na nikichoka mimi, utambeba wewe. Kisima unakijua kilipo."

Mzee akakohoa. Watu wakacheka, akawatazama, wakanyamaza.

"Mpanda kila wiki siwezi kumruhusu," akasema. "Nani atakamua? Lakini mnadani tuko kila wiki."

Hapo nikajua ameshataja bei yake. Nikamwambia, "Basi nitakuja mnadani."

Nilisema haraka kuliko nilivyofikiri. Kazi ikawa kumuuzia Mganga Mfawidhi bidhaa hiyo.

"Hospitali ina mlango," akaniambia. "Mgonjwa anaingia kwa mlango. Sisi hatwendi minadani."

"Mama, mlango upo. Lakini ng'ombe hawaingii mlangoni, na familia hii inakwenda waliko ng'ombe."

"Na wodi yangu Ijumaa itageuzwa na nani?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na msaidizi mmoja tu. "Nitawafundisha wahudumu wa wodi kugeuza wagonjwa, kwa zamu. Na Ijumaa yangu nitailipa Jumamosi."

"Jumamosi mpaka saa ngapi?"

"Mchana."

"Jioni. Na Jumapili?"

"Jumapili ni ya Mungu, mama."

"Mungu atakusamehe. Haya, tuache Jumapili. Lakini sikiliza, bwana fizio. Siku nitakayokuta mgonjwa mmoja ana kidonda cha kulalia kwa sababu wewe uko mnadani, makubaliano yamekufa. Sitakuuliza mtoto amefikia plasta ya ngapi."

Nikakubali, maana ningekuwa kwenye kiti chake ningesema hivyo hivyo. Wale wahudumu niliwafundisha kwa wivu wa mtu anayelinda mali yake. Kila Jumamosi asubuhi kitu cha kwanza kilikuwa kupita nikikagua migongo na visigino, halafu napita tena.

Gari la chanjo lilikwenda mara moja kwa mwezi. Usafiri wa wiki nyingine niliupata kwa dereva wa fuso, lori la wafanyabiashara wa mnadani, jitu la miraba minne ambalo haliwezi kushuka kwenye gari bila kushika mlango. Nikamuuliza mgongo umeanza lini. Akaniuliza nimejuaje. Nikamfundisha mazoezi ya kulala chali na kukunja magoti, nikamwekea taulo iliyokunjwa nyuma ya kiuno kwenye siti. Ni huduma ambayo angeipata hospitali kama raia yeyote, na nilimwambia hivyo. Yeye akaona aibu kunitoza nauli, na mimi sikuona sababu ya kumtibu aibu pia.

Kwa hiyo kila Ijumaa nilikuwa kwenye benchi la zahanati inayotazamana na uwanja wa mnada, nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Goti langu lilianzia hapo. Mama Kabula alikuwa ameshaliloweka hogo la zamani kwenye beseni, mtoto anacheza na maji huku ng'ombe wananyweshwa ng'ambo. Nilimnyonyesha kwanza, namaanisha nilimwambia mama amnyonyeshe, kwa sababu mtoto anayenyonya miguu yake inalegea. Nanyoosha, nashikilia, nafunga. Dirishani vichwa vimejaa.

"Anamfinyanga kama chungu!"

"Dokta, bakiza lipu kidogo, nyumba yangu ina ufa!"

"Na mimi huyu mke wangu nifungie mdomo!"

Mzee Maduhu hakuingia ndani hata mara moja. Lakini kila Ijumaa, baada ya kuuza au kukosa kuuza, alipita dirishani, akaangalia miguu kama anavyoangalia kwato, akasema "Mh," akaenda. Ile "Mh" ya wiki ya nne ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Mimi mtoto wa genge nilisikia bei inashuka.

Kano tuliikata Mpanda, daktari wa upasuaji akafanya kwa dakika chache. Viatu vya chuma vilikuwa vimekwisha, na vipya vilikuwa njiani, njia ambayo hakuna aliyeijua urefu. Nikaenda kwa fundi viatu mmoja sokoni, kijana wa Katumba ambaye wazazi wake walitoka Burundi, nikamwonyesha picha. Akapima miguu ya mtoto kwa kamba, akashona viatu viwili vya ngozi laini, vidole wazi. Mchomeleaji jirani yake akatia chuma. Nilikivuta kile chuma kwa nguvu zangu zote kisipinde. Kabula akavaa. Nyayo zimenyooka, zimeangalia nje kidogo kama zinavyotakiwa. Nikamwambia mama kila kitu, nikamwambia tena, akanirudishia neno kwa neno. Mzee Maduhu alikuja mwenyewe hospitali siku hiyo. Akaishika ile miguu kwa mara ya kwanza.

"Imenyooka," akasema. "Akitembea kuja kwako kwa miguu hii, nitakulipa."

"Serikali inanilipa, baba. Mtumishi haruhusiwi kupokea."

"Serikali siyo babu yake."

Tukaachana hapo. Kiangazi kikashika, familia ikasogea na ng'ombe kutafuta majani, na Ijumaa mbili zikapita, tatu, kisha miezi, mnada unafanyika wao hawapo. Mvua zilipoanza dereva wa fuso akaniletea habari kwamba wamerudi. Nikaenda mpaka nyumbani kwao. Mama Kabula aliponiona alimfunika mtoto miguu kwa kitenge.

Miguu ilikuwa imeanza kurudi ilikotoka. Si yote, lakini kisigino kimepanda na vidole vimeanza kutazamana.

"Viatu viko wapi?"

Akaonyesha juu. Viatu vilikuwa vimechomekwa kwenye paa, chini ya nyasi, vimefungwa vizuri kwenye mfuko wa sukari.

"Baba alisema miguu imeshapona," akaeleza kwa sauti ndogo. "Alisema tuvitunze, atakuja mtoto mwingine. Nilimvalisha kwa siri wiki mbili, akilia usiku wananisikia. Ningefanyaje?"

Nilikuwa nimemweleza kila kitu mama, na mwenye uamuzi wa nyumba nilimwonyesha miguu tu. Nikaenda kumtafuta Mzee Maduhu shambani nikiwa na vile viatu mkononi na maneno makali yamejipanga mdomoni.

Nilimkuta anafundisha maksai kulima. Wanaojua ng'ombe wa jembe wanajua inavyofanyika: maksai mchanga anafungwa nira moja na maksai mkubwa aliyezoea. Nira ni ule mti unaolala juu ya shingo mbili. Mkubwa akienda, mdogo anaenda. Mkubwa akigeuka, mdogo anageuka, atake asitake. Kijana mmoja alikuwa mbele anawaongoza, mzee yuko nyuma na jembe. Mstari ulikuwa umenyooka. Maneno yangu makali nikayameza, maana nilikuwa nimeona kitu.

"Baba, huyo mdogo anajua kulima?"

"Si unaona mwenyewe? Anajua sana."

"Sasa mbona humfungui?"

Akanicheka. "Wewe Mnyamwezi gani? Ukimfungua leo, kesho anapinda. Anajua kwa sababu mwenzake anamshika. Unamfunga msimu huu, unamfunga msimu ujao, mpaka mwili wake usahau njia nyingine. Ndiyo unamwamini."

Nikasogea kwa yule maksai mdogo. Nikaviweka vile viatu juu ya nira, chuma juu ya mti, kiatu kimoja upande huu na kingine upande ule. Mama yangu alinifundisha pia kwamba ukishataja bei nzuri, unanyamaza.

Mzee akaangalia. Akaangalia maksai, akaangalia viatu. Akaja, akakishika chuma, akakisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni nira," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wewe ulinipa viatu. Nani analala na viatu?"

"Hakuna, baba."

"Na mguu ulinyooka kwa sababu umeshikwa."

"Ndiyo."

Maksai wakaanza kula majani ya mtaroni. "Turudi mnadani," akasema hatimaye. "Ufunge ile lipu yako tena. Na hii nira nitaisimamia mimi."

Tulianza upya. Plasta tatu zaidi, na Jumamosi zangu zikaendelea kuliwa. Mganga Mfawidhi aliponiona naandika ombi la plasta kwa mtoto yule yule, akauliza, "Ulisema mtoto huyu amepona?"

"Nilipiga hesabu mapema, mama."

Akasaini. Wodini hapakuwa na kidonda hata kimoja, ndiyo maana nilikuwa na uso wa kusimama mbele yake.

Mzee Maduhu alisimamia nira kama alivyosema. Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, alipita kwa mkwewe akauliza, "Amefungwa?" na hakulala bila jibu. Mtoto alipolia, babu ndiye aliyembeleza. Mke mmoja wa jirani alipoleta huruma na kumfungua mtoto, mzee alimtoza kuku. Niliyasikia hayo kwa mama Kabula, ambaye siku hizo macho yake hayakuangalia chini tena akizungumza na mtu yeyote.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Kila mgonjwa aliyekuja nilianza kwa kuuliza: nyumbani nani anaamua? Huyo nilimwita. Na kabla ya kumweleza nilimwuliza anafanya kazi gani. Mvuvi wa Karema nilimweleza bega kwa makasia. Fundi cherehani nilimweleza mgongo kwa kiti chake mwenyewe. Siku hizi mnafundishwa hayo chuoni, yana jina refu. Mimi niliyapata kwa ng'ombe.

Nilistaafu kwa taratibu za kawaida, soda, hotuba, na saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika tano. Nina shamba dogo Mwamkulu. Vijana wa fizio wananitembelea, wananipa mazoezi ya goti, na mimi nawadanganya kwamba nimeyafanya, kama nilivyodanganywa. Naona wana vifaa. Naona pia ndugu bado wanalisha wazee wenye mikono.

Sasa nirudi kwa maksai. Mwezi uliopita nilikuwa napalilia, nikaona msichana mwenye sare ya sekondari anatokea barabarani akivuta maksai mchanga kwa kamba, na nyuma yake mama mtu mzima ninayemfahamu. Lori liliwashusha njia panda, wakatembea kipande kilichobaki. Mzee Maduhu macho yamefifia, hasafiri, lakini ametuma ujumbe.

"Shikamoo, babu," msichana akasema. "Babu Maduhu amesema nitembee mwenyewe, na nikifika nikuambie serikali sasa haikulipi."

"Inanilipa pensheni."

"Alisema utasema hivyo. Akasema nikikuta unabishana, nifunge kamba kwenye mti niondoke."

Akafunga kamba kwenye mti. Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Walikunywa chai, wakaaga, nikawasindikiza. Mazoea ya kazi hayastaafu: sikumtazama Kabula usoni, nilibaki nyuma makusudi nikisoma nyayo zake kwenye vumbi. Kisigino kinaanza, unyayo unafuata, kidole gumba kinamaliza. Kushoto, kulia, vyote vimenyooka. Niliwaacha watangulie, nikazisoma tena kurudi nyumbani.

Mtamba ningemwelewa, angezaa, angekamuliwa, shukrani ingejilipa. Lakini yule mzee si mjinga. Amenipa maksai mmoja, na maksai mmoja halimi. Anakula mahindi ya jirani, ananiangalia, anasubiri mwenzake wa kufungwa naye, na mzee anajua hilo kuliko mimi. Nikimrudisha, nimemtukana mtu aliyekesha akisimamia nira miaka minne. Nikibaki naye, lazima nitafute wa pili, na wa pili ambaye amezoea, wa kumshika huyu mchanga, yuko zizini kwa Mzee Maduhu tu.

Kwa hiyo nawauliza nyie mlio kazini na nyie mnaojua ng'ombe. Nimpeleke kwa fuso arudi alikotoka? Au nipande mimi fuso mpaka Kasansa, na goti langu hili, nikae na yule mzee tupatane bei ya yule mwingine? Nipeni ushauri mapema. Jirani ameshahesabu mahindi yake.